Kuchagua ranchi ya kitalii Marekani

Dada, kwa kuwa umeuliza ranchi ipi ya kitalii ya Marekani, yaani shamba la mifugo ambako wageni hukaa na kupanda farasi, itawafaa watoto wenu wa miaka 4 na 9, nakushauri uanze na yule mdogo, kwani ranchi nyingi haziruhusu mtoto aliye chini ya miaka 6 au 7 kutoka na msafara wa farasi, bali humzungusha uwanjani farasi akiongozwa kwa kamba. Uliza basi ni nani atakayemwangalia ninyi mkiwa milimani. Ranchi za Wyoming na Montana hupokea wageni hasa kati ya Juni na Septemba, mara nyingi kwa wiki nzima. Arizona, ambako joto la Julai ni kali mno, hufaa zaidi miezi ya baridi. Hakikisha pia kwamba watoto watapewa kofia ngumu. Pasipo hizo, mimi nisingewapeleka wangu.