Kihamba kilikuwa kinamkumbushia

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 78. Baba alipofariki mwaka jana tulimtoa Machame tukamleta kwangu Sakina, Arusha, apumzike. Kijijini alikuwa anasahausahau tu. Hapa, miezi mitano haijaisha, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Akifika mlango wa sebuleni anasimama, anapandisha kanga hadi magotini, hataki kuingia. Dada wa kazi katokea Singida na mama siku hizi anaongea Kimachame kitupu, basi wanashinda kimya. Ikifika saa kumi na mbili jioni anang'ang'ania geti, eti ng'ombe hawajala. Wifi anasema kuhama ndiko kumemharibu, tumrudishe. Ni kweli?
Binti wa Machame

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa nesi hapa Moshi miaka 31, na hilo la kanga limenikalisha chini. Vigae vya sebuleni vinang'aa, siyo? Basi huenda mama haoni sakafu, anaona maji. Anavuka mfongo, ule mfereji wa maji wa kijijini, kama alivyovuka tangu usichana wake. Tandika zulia lisilong'aa, la rangi moja, ila lisiwe jeusi, maana jeusi anaweza kulidhani shimo.

Wifi yako ana nusu ya ukweli. Kuhama hakukumpa ugonjwa. Dimenshia, huo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huanza kuula ubongo miaka mingi kabla watu wa nyumbani hawajashtuka, na huko kwenu si ngeni: utafiti wa wilayani Hai uliochapishwa 2013 ulikuta watu karibu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanayo. Ila kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilikuwa kinamkumbushia. Njia aliijua kwa miguu. Ng'ombe akilia, ni saa ya majani. Jirani akipita alimsalimu kwa jina. Na baba yako, nadhani, alimsitiri kuliko mlivyojua; yeye ndiye aliyekuwa anasema chumvi umeshatia. Vyote hivyo vimeondoka kwa mpigo, tena akiwa na msiba.

Kabla ya kuamua lolote, mpeleke hospitali. Masikio yaangaliwe: nilishamwona bibi aliyeletwa kama "amechanganyikiwa", akatolewa nta, akaanza kutujibu. Mkojo nao upimwe, na presha. Mzee akivurugika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi ni maambukizi. Wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia ambayo yanaweza kupunguzwa. Kutosikia vizuri imo, upweke umo, hata hewa chafu. Kwa hiyo kama dada anawasha mkaa jikoni na madirisha yamefungwa, jiko litoke nje, kwa faida yenu nyote.

Kumrudisha? Nani yuko Machame? Kama nyumba imefungwa kwa kufuli, mtamrudisha kwa migomba tu. Kama yupo kaka yako na mke anayemvumilia, mimi ningemrudisha, na matumizi mkatuma kila mwezi bila kukumbushwa. Akibaki Sakina, mpe kazi. Huko kupumzika ndiko kunakommaliza. Amenye ndizi za mtori, achambue maharage. Akichanganya mabovu na mazima, dada atayapitia tena yeye akishalala. Tafuta mama wa Kimachame hapo kanisani, hawakosekani, aje hata mara mbili kwa wiki wapige soga kwa lugha yao.

Jioni usibishane naye kwamba hana ng'ombe. Washa taa zote mapema, giza halijaingia. Kisha mfungulie geti, mshike mkono, mzunguke mtaa polepole, na akiona majani mazuri pembeni mwache akate kidogo abebe mwenyewe. Mkifika ndani, mwambie ng'ombe wameshiba.