Kidonda cha risasi hakishonwi siku ya kwanza

Umeuliza: daktari wa upasuaji wa jumla aliyezoea laparoskopi (upasuaji wa matundu madogo kwa kamera) ajinoe wapi kabla ya kwenda hospitali ya majeruhi wa vita, mfano Ndosho pale Goma. Kwanza ajifunze kutoshona. Wageni wengi huteleza hapo: kidonda cha risasi kinaonekana kisafi, anakifunga, siku ya tatu kimejaa usaha, au mbaya zaidi, gangrini ya gesi, yaani msuli kuoza kwa bakteria wanaotoa gesi.

Badala ya kushona, panua ngozi na fashia (utando unaofunika misuli) vya kutosha, maana tundu dogo huficha uharibifu mkubwa. Kata msuli uliokufa: rangi imefifia, ukiubana kwa koleo hausinyai, ukiukata hautoi damu. Ngozi usiikate hovyo, utaihitaji. Osha kwa maji mengi ya chumvi. Yakiisha, maji safi ya kunywa yanafaa. Weka shashi kavu nyingi zilizotifuliwa, bila kuzishindilia, na usisahau chanjo ya pepopunda na penisilini. Kisha usifungue bandeji wodini kila asubuhi "kuchungulia", isipokuwa homa ikipanda au kidonda kikinuka vibaya. Siku ya 4 au 5 mrudishe tiata, kikiwa safi ndipo ushone au upandikize ngozi.

Mfupa uliovunjika humo usiutie chuma ndani. Tumia plasta ngumu ya mifupa (P.O.P.), uzito wa kuvuta au fremu ya nje.

Halafu akae wodi ya wazazi mpaka afanye upasuaji wa kujifungua bila kusitasita. Huko vitani hakuna daktari wa wazazi wa kumpigia simu.