Mtoto anajibana, choo hataki hata kukiona

*Jambo Shangazi. Kijana wangu anakaribia miaka minne. Zamani alikuwa anaketi kwenye poti vizuri, lakini tangu tuhamie parsele (kiwanja) hii ya Majengo, hapa Goma, hataki poti wala choo. Haja ndogo haina shida. Ile kubwa anajificha nyuma ya kochi, anakaza miguu, uso unamwiva, kisha analia anaomba Pampers. Siku nyingine nguo ya ndani inachafuka majimaji, naye anasema hajui. Mamamkwe anasema ni kichwa ngumu, fimbo na lavema ya pilipili (kumtia maji ya pilipili nyuma kwa mpira) vitamaliza. Septemba anaingia shule ya watoto wadogo, materneli, na hawapokei mtoto wa Pampers. Nifanye nini? — Mama wa Majengo*

Mama wa Majengo, pole. Fimbo iwekwe chini leo, na ule mpira wa lavema ufichwe. Ukimtia pilipili mahali panapomuuma tayari, utakuwa umemthibitishia kile anachoogopa.

Kwenye barua yako nimesimama pale nyuma ya kochi. Mama wengi wakimwona mtoto amekaza miguu hivyo, jasho linamtoka, hudhani anasukuma. Anazuia. Yaelekea siku moja, pengine katika shughuli za kuhama, maji machache na bugali nyingi, choo kilitoka kigumu kikamchana. Akaapa moyoni kwamba hatarudia. Sasa mavi yakikaa ndani, utumbo mpana unaendelea kuyanyonya maji. Yanakauka, yanakuwa makubwa, na siku yakitoka yanauma kuliko mara ya kwanza. Naye anazidi kubana. Wiki zikipita, mwisho wa utumbo unalegea kama mpira wa chupi ya zamani, hata haja ikifika hausikii. Yale ya majimaji hupenya pembeni ya bonge lililokaa ndani na kuishia kwenye nguo. Kwa hiyo akisema hajui, mwamini. Wala usimpe dawa ya kufunga tumbo ukidhani anaharisha, maana ndiyo utamfunga kabisa.

Hapo utaona kwamba kumzoesha kuketi chooni si kazi ya kwanza. Kazi ya kwanza ni kulainisha mavi. Mpeleke kituo cha afya, umweleze muuguzi kama ulivyonieleza, na habari ya kochi usiisahau. Kuna dawa za kulainisha choo ambazo watoto hupewa, kama laktulozi na makrogoli. Kipimo hufuata uzito na umri, kwa hiyo usinunue kwa kukadiria farmasini. Wazazi wengi huharibu hapa: choo kikilainika wiki ya kwanza, wanaacha dawa, mtoto anarudi kule kule. Utumbo uliolegea huchukua miezi kukaza tena. Papai, avoka, marakuja, maharagi, lengalenga na maji ya kutosha vitasaidia, ila kwa hatua aliyofika havitoshi peke yake.

Akiomba Pampers, mpe. Ndiyo, mpe! Afadhali anye ndani ya Pampers kuliko asinye kabisa. Akishazoea kwamba hakuumi tena, mwambie aivae akiwa karibu na poti, baadaye aketi kwenye poti akiwa ameivaa, mwisho mnaivua. Kila siku baada ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni aketi dakika tano hivi, kwa maana tumbo huamka mtu akishakula. Miguu isining'inie: mwekee jiwe bapa chini (mawe Goma hatuyakosi), magoti yapande kidogo. Msifu kwa kuketi, hata kama hakutoa kitu.

Choo cha parsele hukunieleza kikoje, lakini vya mji wetu navijua. Kuchimba kwenye mawe ya volkano ni shida, basi vingi vimejengwa juu, unapanda ngazi, ndani ni giza, na tundu limekatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto kuogopa kutumbukia ni akili, si ujinga. Mwache na poti yake kwanza. Mnapokwenda kuimwaga chooni, nendeni pamoja mchana, mlango wazi, umshike mkono, kisha mnawe wote kwa sabuni. Msiimwage mtaroni kwa kudhani mavi ya mtoto hayana ubaya. Goma haijasahau kipindupindu cha 1994.

Akianza kutapika, tumbo likivimba na kuwa gumu, akitoa damu nyingi, miguu ikikosa nguvu, usingoje kesho, mwone daktari. Vilevile mwambie daktari kama shida hii alikuwa nayo tangu kuzaliwa, au kama haongezeki kilo.

Kuhusu Septemba, nenda mapema ukaongee na mwalimu faraghani, umweleze kwamba ni ugonjwa unaotibiwa na kwamba utampa nguo za kubadilisha. Asipokubali, ni bora aanze kwa kuchelewa kuliko umtishe kila asubuhi kwamba shule itamkataa. Mtoto anayetishwa hubana zaidi.

Mamamkwe usigombane naye. Mwambie muuguzi amekataza lavema, kisha mpe kazi: zile dakika tano baada ya chai, yeye ndiye aketi na mjukuu kando ya poti amsimulie hadithi. Wewe utapata nafasi ya kuosha vyombo.