Sheria ni moja ila nauli si moja

Assalaam aleikum mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii ni "Je, mbele ya sheria sote tuko sawa?" na wengi waliojibu kabla yangu wamesema hapana, sababu ni hongo. Mimi niko Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, hongo siikatai ipo, lakini jibu langu liko kwengine. Kwetu huku mtu anashindwa kesi hata hakimu hajamuona, na kinachomshinda ni nauli.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 imeandikwa vizuri wallahi. Ibara ya 27 inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria, ya 48 inasema serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki na kama kuna ada iwe ya kadri, isimzuie mtu. Sasa hio ada wakubwa wanaihesabu ni ile ya kulipa dirishani kortini tu. Nauli ya boti nani anaihesabu?

Niwape mfano wa khalati yangu, dada ya mamangu, anakaa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Mumewe alikua mvuvi wa kamba, kuna mnunuzi alichukua mzigo kwa mkopo, mume akafariki, mnunuzi akaanza kuruka deni. Khalati akashtaki huku Amu. Siku ya kesi angetoka kwake alfajiri, lakini boti inakwenda na maji, yakitoka mnangoja, na kukiwa na kusi ndo usiseme, analoa mwili mzima na mtoto mgongoni. Kwahivo inambidi aje siku moja kabla, alale kwetu, asubuhi avae buibui lake safi aende akae kwenye benchi mpaka saa sita, jina lisomwe, halafu aambiwe wakili wa upande wa pili yuko na kesi nyengine Malindi, rudi mwezi ujao. Basi. Dakika mbili. Hakuna aliyemkosea adabu, hakuna aliyevunja sheria, hakimu kafuata utaratibu, wakili kaomba kwa heshima, na mama wa watu keshapoteza pesa ya unga ya wiki nzima. Yule mnunuzi yeye anakaa hapahapa mjini, anakuja kwa miguu, kesi ikisongezwa anarudi dukani kwake. Imesongezwa hivo tena na tena mpaka khalati akasema mwanangu, mimi nimesamehe. Hakusamehe, alichoka! Na kwenye faili itaandikwa mlalamishi hakufika.

Hio ndo ukosefu wa usawa ninaouzungumzia mimi. Hauonekani kwenye hukumu yoyote.

Na usifikiri ni kesi ndogo tu. Wavuvi wetu, mzee Mohamed Ali Baadi na wenzake, walienda mahakama kuu kule Malindi 2012, mwaka uleule marais walikuja kuzindua LAPSSET, ule mradi wa bandari, barabara na bomba la mafuta, wakilalamika bandari inachimbwa Kililana na hakuna aliyewauliza, mikoko inakatwa, sehemu za kuvulia zinakwenda. Hukumu ikatoka Aprili 2018 na ilikua hukumu nzuri kweli, majaji wakasema haki ya mazingira safi imevunjwa, haki ya utamaduni pia, watu hawakupewa habari walizostahiki, na wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Watu walilia kwa furaha huku. Lakini tangu kushtaki mpaka hukumu ni miaka sita, na baada ya hukumu ikaja rufaa, yakaja mazungumzo, na meli ya kwanza ikafunga gati Mei 2021 wavuvi wakiwa bado wanauliza zile pesa ziko wapi. Bandari haikungoja kesi, wavuvi ndo walongoja. Wako waliofariki wakingoja. Mwenye nguvu akipewa miaka anajenga, mnyonge akipewa miaka anazeeka, na sheria inawahesabia wote wawili miaka ileile.

Kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ilikwenda vyengine kidogo, Juni 2019 mahakama ndogo ya mazingira, ile National Environment Tribunal, ilifuta leseni ya ule mtambo uliopangwa kujengwa Kwasasi huku Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ilifuta kabla haujajengwa, ndo maana tukaona faida yake. Mimi nasema wakati ndo haki yenyewe.

Kuhusu dhamana nitasema kwa ufupi maana kila mtu anajua. Vijana wawili wakishikwa kwa kosa moja wakapewa dhamana sawasawa, wa kwanza babake anapiga simu saa hio hio anatoka, wa pili anapelekwa rumande jela ya Hindi, huku huku Lamu, kwa sababu ya elfu kumi. Ibara ya 49 inasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu asiwekwe rumande. Wangapi mtaani wanaijua hio? Tufundishane jamani, barazani tunazungumza siasa kutwa.

Pia mjue kesi ya haki za msingi, ibara ya 22, haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Na iko sheria ya madai madogo ya 2016, madai yasiyozidi shilingi milioni 1, imalizike ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Kesi kama ya khalati ilistahiki hio kabisa. Mimi ninachotaka ni mwamuzi wa hayo madai madogo apande boti yeye, aje Faza, aje Kiunga kila baada ya muda unaojulikana, kwa sababu mtu mmoja mwenye mshahara kusafiri ni rahisi kuliko wajane ishirini.

Na hata bila pesa mpya yako mambo yanawezekana kuanzia Jumatatu. Anayeomba kesi isongezwe alipe nauli ya mwenzake siku hiohio kabla hajatoka mlangoni, hakimu ana uwezo wa kuamuru hivo sai, haihitaji bunge. Kama wakili anajua hatokuja, karani apige simu jana yake, sio mtu ajulishwe keshafika. Na asubuhi majina yakianza kusomwa waanze na watu wa visiwani, sisi wa mjini tunaweza kungoja mpaka adhuhuri, boti ya Kizingitini haingoji.