Maswali ya Wasomaji: Regensburg, Mji Huru wa Kaisari

Swali: Regensburg, mji wa kusini mwa Ujerumani, unaitwa "mji huru wa Dola". Ulikuwa huru kutoka kwa nani?

Ulijitoa katika mamlaka ya watawala wa Bavaria na ya askofu wake mwenyewe. Mwaka 1245 Kaisari Friedrich wa Pili aliwapa raia haki ya kuchagua baraza na meya, na hivyo hawakuwa na bwana mwingine ila Kaisari wa Dola Takatifu la Roma, yaani muungano wa zamani wa nchi na miji, hasa ya Wajerumani. Hata hivyo, ndani ya kuta zile zile, askofu pamoja na monasteri tatu, yaani St. Emmeram, Niedermünster na Obermünster, nao walikuwa chini ya Kaisari moja kwa moja, wala baraza halikuweza kuwaamuru. Baraza lilipofuata Uprotestanti mwaka 1542, majirani hao wanne walibaki Wakatoliki.

Swali: Kwa nini Bunge la Dola, yaani mkutano wa watawala na miji yake, lilikaa huko?

Mwaka 1663 Kaisari Leopold wa Kwanza aliliitisha kwa sababu ya vita na Waturuki, na tofauti na yaliyotangulia, Bunge hilo halikuvunjwa mpaka Dola lenyewe lilipokufa mwaka 1806. Watawala waliacha kuhudhuria wenyewe wakatuma wajumbe. Ukumbi wao ungalipo katika jengo la zamani la baraza, na chini yake kuna chumba walimoteswa watuhumiwa ili wakiri. Atakayezuru asiishie ghorofani.

Swali: Wayahudi waliishije katika mji huo?

Jumuiya yao ilikuwa miongoni mwa zile kongwe kabisa Ujerumani, ikitegemea ulinzi wa Kaisari. Kaisari Maximilian wa Kwanza alipofariki Januari 1519, baraza halikungoja mrithi: Februari liliwafukuza, likabomoa sinagogi na kuharibu makaburi, na baadhi ya mawe ya makaburi hayo yakaishia katika kuta za nyumba za watu. Mchoraji Albrecht Altdorfer, aliyekuwa mjumbe wa baraza, alichora sinagogi hilo kabla ya kubomolewa, na michoro yake ndiyo inayotuonyesha lilivyokuwa. Kwa maoni yangu, anayeusifu uhuru wa mji huu hana budi kuutaja pia mwaka huo. Katika uwanja wa Neupfarrplatz, palipokuwa na sinagogi hilo, msanii wa Israeli Dani Karavan alionyesha ramani yake kwa umbo jeupe ardhini mwaka 2005, na sinagogi jipya lilifunguliwa mwaka 2019.

Swali: Mji wa kale uliponaje vitani?

Agosti 1943 ndege za Marekani zililenga kiwanda cha ndege cha Messerschmitt, nje ya mji wa kale. Daraja la Mawe, lililojengwa katika karne ya 12, lililipuliwa kwa sehemu na jeshi la Ujerumani lenyewe Aprili 1945, kisha likatengenezwa. Hata kabla ya hapo, biashara ilikuwa imehamia miji mingine kwa karne kadhaa, na wenye nyumba hawakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga upya. Mwaka 2006 UNESCO iliuingiza mji wa kale, pamoja na Stadtamhof ng'ambo ya mto Danubi, katika orodha ya urithi wa dunia.