Maswali ya Wasomaji: Plastiki Isiyobanduka Mpako

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mirija ya silikoni ya hospitali hupakwa tabaka linalopenda maji ili iteleze, lakini tabaka hilo hubanduka. Je, mitandao ya polima (minyororo mirefu ya molekuli) iliyopenyana inatofautianaje na mpako huo, na inafaa kwa kila plastiki?

JIBU: Mpako hubanduka kwa sababu umekaa juu ya kitu kisichoshikika. Tone la maji juu ya silikoni halitandai, bali hujikusanya na kufanya pembe ya nyuzi takriban 110. Hata uso ukipigwa plazma, yaani gesi iliyotiwa chaji ya umeme, ukaanza kupenda maji, baada ya saa au siku chache minyororo ya silikoni hujigeuza, na uso hurudia tabia yake ya awali.

Njia unayoiuliza haipaki kitu. Silikoni hulowekwa katika kiyeyusho kinachoivimbisha, chenye monoma, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima, kama HEMA, ile inayotengenezewa lenzi laini za macho. Monoma zikishapenya, kianzishi, yaani kemikali inayoanzisha muungano, huamshwa kwa joto au kwa miale ya urujuanimno, nazo huungana humo humo kuwa mtandao wa pili. Kiyeyusho kikiondolewa, mitandao hiyo hubaki kama nyavu mbili zilizofumwa moja ndani ya nyingine, ambazo hazikufungwa kwa fundo lolote lakini hazitengani mpaka nyuzi zikatwe. Ukiukata mrija huo kwa kisu hutakuta ganda la kuchokonoa kwa ukucha, kwani polima mpya hupungua polepole kadiri unavyoingia ndani. Wazo lenyewe ni la zamani: mkemia Mmarekani Jonas Aylsworth alipata hataza ya mchanganyiko wa namna hii, wa resini ya fenoli na mpira, mwaka 1914.

Haifai kwa kila plastiki. Sharti plastiki ivimbe bila kuyeyuka, ndiyo maana silikoni inaafiki sana, ilhali polistireni ikitiwa katika toluini huyeyuka yote, na tefloni haivimbi kiasi cha maana. Kaboni dayoksaidi iliyopashwa joto kupita nyuzi 31 za Selsiasi na kubanwa kupita angahewa 73 husaidia ikitumika kama kiyeyusho, kwa kuwa hupenya vizuri na kutoweka yenyewe shinikizo likishushwa.

Kwa maoni yangu, kazi ngumu ni kujizuia. Polima ya pili ikizidi, mrija hupoteza unyumbufu na mara nyingi hugeuka mweupe, kwa kuwa polima hizo mbili hujitenga katika vipande vikubwa vinavyotawanya mwanga. Na kwa kifaa kitakachoingia mwilini, monoma zilizobaki bila kuungana lazima zioshwe kabisa, maana huwasha na kuudhi ngozi.