Usitie sahihi Ijumaa kabla mthamini wa benki hajafika Mamboleo

Ndugu uliyeuliza kuhusu nyumba ya shilingi 7,200,000 hapo Mamboleo, Kisumu, usilipe kitu Ijumaa. Umesema una akiba ya shilingi 850,000, kwamba 720,000 ni ile amana ya asilimia 10 ya kumlipa muuzaji, kwamba benki "imekubali kutoa asilimia 90", na kwamba zinazobaki zitatosha "mambo madogo madogo". Niliposoma maneno hayo niliweka kikombe cha chai chini, kwa sababu hayo mambo madogo madogo ndiyo yaliyonifanya niuze gari.

Mimi nilinunua Nakuru, upande wa Kiamunyi, kwa shilingi 6,500,000. Nilikuwa na 800,000. Nikalipa 650,000 kwa wakili wa muuzaji, nikatia sahihi mkataba unaonitaka nikamilishe malipo katika siku 90, na zile 150,000 zilizosalia mke wangu na mimi tukazipangia mapazia. Ofisa wa mikopo alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, huku akitabasamu, kwamba benki hutoa asilimia 90. Sikumwuliza asilimia 90 ya nini.

Swali hilo moja lilinigharimu shilingi 630,000. Benki haikopeshi kwa kufuata bei mliyopatana wewe na muuzaji. Hutuma mthamini wake, kwa gharama yako, kisha huchukua kiasi kilicho kidogo kati ya bei na thamani aliyoiandika. Mthamini alikuja asubuhi moja, akapima vyumba, akatazama ufa mmoja jikoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaandika 5,800,000. Asilimia 90 ya hizo ni 5,220,000, wala si 5,850,000 nilizokuwa nimeziingiza kwenye hesabu zangu. Dalali alikuwa ametuuzia nyumba ile kwa kutusimamisha barazani na kutuonyesha mlima Menengai. Mthamini wa benki hakuithamini Menengai hata kwa senti moja. Jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye barua ya ofa ya benki, ukurasa wa pili, kwa herufi za kawaida kabisa. Lakini barua hiyo ilinifikia majuma matatu baada ya kutia sahihi mkataba wa muuzaji, nami nikiacha ununuzi ningepoteza amana yangu.

Ukidhani kwamba thamani iliyoshuka itakusaidia angalau kwenye ushuru wa stempu, ule unaoilipa serikali nyumba inapohamia jina lako, sahau. Ushuru huo hautozwi kwa hesabu ya benki. Mthamini wa serikali naye hukadiria kwa upande wake, na unalipa kwa kiasi kilicho kikubwa kati ya makadirio yake na bei ya mkataba. Yeye aliona shilingi 7,000,000. Kwa hiyo nyumba moja, katika robo ya mwaka ileile, ilikuwa duni mbele ya aliyetaka kunikopesha na ya fahari mbele ya aliyetaka kunitoza. Asilimia 4, ambayo ndiyo kiwango cha mijini, ikawa 280,000. Dalali alikuwa ameniapia kwamba anayenunua nyumba ya kwanza halipi ushuru huo. Msamaha uliopo kisheria ni wa nyumba ya kwanza iliyo chini ya mpango wa nyumba za gharama nafuu, na nyumba niliyoinunua kwa mstaafu mwenye miparachichi miwili haimo. Nilipompigia simu kumwuliza, alikuwa "kwenye mkutano". Naona mkutano huo haujaisha mpaka leo.

Kisha kuna mawakili, nao ni wawili. Unamlipa wako, na unamlipa wa benki pia, anayeandika hati ya rehani kwa ajili ya kumlinda aliyemtuma dhidi yako. Juu ya ada zao zote kuna VAT ya asilimia 16. Kwangu jumla ilikaribia 250,000. Ada ya benki ya kushughulikia mkopo ilikuwa asilimia 1, yaani 52,200, na ushuru wa kusajili rehani ni asilimia 0.1 ya mkopo, ambao kwa kweli ni mdogo na sina ugomvi nao. Bima ya moto na bima ya maisha zilikuja baadaye. Ukijumlisha yote hayo na lile pengo la 630,000, nilihitaji zaidi ya shilingi 1,200,000, nami nilikuwa na pesa za mapazia.

Basi mthamini akanipeleka kwa wadhamini. Tofauti ni herufi moja tu. Sako ilinipa mkopo kwa kudhaminiwa na watu watatu, mmoja wao shemeji yangu, ambaye tangu siku hiyo huniulizia afya yangu kwa bidii kuliko daktari. Gari likauzwa kwa mtu aliyejua kwamba nina siku kumi na moja zilizobaki. Madirisha tuliyafunika kwa leso kwa miezi minane, na wageni tukawaambia kwamba ndivyo tunavyopenda.

Sasa tazama hesabu yako. Ushuru wa stempu peke yake, kwa bei yenyewe bila mthamini wa serikali kuongeza chochote, ni 288,000. Hizo 130,000 zitakazobaki baada ya amana hazifikii hata nusu yake, na bado hujamlipa wakili yeyote.

Ninalokutaka ufanye ni hili moja: uthamini wa benki utangulie sahihi yako. Mwombe muuzaji ruhusa, lipa mthamini aliye kwenye orodha ya benki, na uhesabu sehemu yako baada ya kuiona ripoti. Mpango ukivunjika umepoteza ada ya uthamini tu. Kama benki itashikilia kwamba lazima ione mkataba kwanza, wakili wako aandike kifungu kinachosema kwamba mkopo ukipungua chini ya kiasi fulani cha shilingi, kilichotajwa kwa tarakimu, amana inarudishwa yote. Nasema wakili wako, si yule ambaye dalali amekuambia "anaweza kuwashughulikia nyote wawili". Muuzaji akikataa kifungu hicho, nadhani anajua jambo kuhusu bei yake ambalo wewe hulijui.

Uliuliza pia kuhusu riba ya kudumu na ile inayobadilika, na miaka 15 au 20. Hayo ni ya mtu ambaye tayari ana nyumba. Ijumaa saa tatu asubuhi nenda benki, uulize ni kampuni zipi za uthamini wanazozikubali Kisumu, na uandikiwe kwenye karatasi asilimia 90 ni ya nini.